Dawa za sonona: maswali ninayoulizwa mara kwa mara, na majibu ya mtu aliyezimeza

Nimetumia dawa za sonona kwa vipindi viwili, jumla miaka mitatu na ushee. Tangu nianze kulisema hilo bila kujificha, watu hunivuta pembeni, wengi wakianza na "kuna rafiki yangu mmoja anataka kujua…". Maswali ya hao marafiki yanafanana mno, ndiyo maana nimeyakusanya hapa. Mimi si daktari wala mfamasia. Yaliyonipata nayasimulia kama yaliyonipata, na ya kitabibu nimeandika yale yanayofahamika vizuri tu. Mambo ya dozi ni kati yako na aliyekuandikia.

Hivi vidonge vinafanya nini hasa mwilini?

Seli za ubongo hupashana habari kwa kemikali, na serotonini ni mojawapo. Ikishafanya kazi yake hufyonzwa na kurudishwa ilikotoka. Dawa zinazoandikwa zaidi siku hizi, yaani fluoksetini, sertralini, sitalopramu, paroksetini na ndugu zao, huzuia ufyonzaji huo, serotonini ikakaa muda mrefu zaidi kati ya seli na seli. Venlafaksini na duloksetini hugusa pia noradrenalini, kemikali nyingine ya ubongo. Amitriptilini, ya kundi kongwe, hugusa vitu vingi kwa mpigo, na maudhi yake, yaani madhara yasiyotakiwa ya dawa, nayo ni mengi vilevile.

Utasikia watu wakisema sonona ni "kupungukiwa serotonini". Ni kurahisisha kupita kiasi. Ingekuwa hivyo tu, tungepona kesho yake, maana kemikali hiyo huanza kubadilika ndani ya saa chache, ilhali nafuu huja baada ya wiki kadhaa. Kinachoendelea hapo katikati wataalamu bado wanakijadili. Hata mlango wenyewe wa dawa hizi ulifunguka kwa bahati: mwanzoni mwa miaka ya 1950 wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa iproniazidi walionekana kuchangamka kuliko hali ya mapafu yao ilivyoruhusu, watu wakaanza kujiuliza. Fluoksetini iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa 1987.

Inachukua muda gani hadi uone mabadiliko?

Wiki mbili hadi nne kwa dalili za mwanzo, na wiki sita hadi nane ndipo mnaweza kusema kwa haki kama dawa hii kwa dozi hii inakufaa au haikufai. Ubaya ni kwamba maudhi hayana subira. Yanafika siku ya kwanza, nafuu inafika mwezi ujao. Wengi ninaowajua walioacha njiani waliachia hapo hapo, wakiwa wameshalipa nauli yote na safari haijaanza.

Na nafuu yenyewe haipigi hodi. Mimi nilisubiri asubuhi nitakayoamka nimechangamka, haikuja. Jioni moja, wiki ya nne, nilikuwa nimeshika sufuria iliyoungua na kulowekwa tangu juzi, nasugua, ndipo nikashtuka kwamba hakuna aliyeniambia nioshe vyombo. Kwa miezi mitano kabla ya hapo, kusimama mbele ya sinki kulihitaji mjadala na nafsi yangu, na mara nyingi nafsi ndiyo iliyoshinda. Siku ile hapakuwa na mjadala. Ninayeishi naye alikuwa ameliona badiliko siku tatu kabla yangu, akanyamaza, akihofia akilitaja litatoweka.

Kwa hiyo usijipime mwenyewe tu. Muulize mtu wa karibu. Usingizi na nguvu za kufanya kazi mara nyingi hutangulia, moyo hufuata nyuma.

Kwa hiyo zinaleta furaha?

Hapana. Mtu asiye na sonona akizimeza hapati raha yoyote, labda kichefuchefu. Mimi zilinirudishia uwezo wa kuhuzunika kwa kitu chenye sababu na kisha huzuni hiyo kuisha.

Zinamfaa kila mtu?

Hazimfai kila mtu, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 522 yenye washiriki 116,477 na dawa 21. Dawa zote 21 zilizidi kidonge cha bandia (kisicho na dawa ndani, cha kulinganishia tu) kwa watu wazima wenye sonona, ila kwa wengi tofauti haikuwa kubwa. Makadirio yanayotajwa sana ni haya: kati ya watu 100 wenye sonona ya kati au kali, 40 hadi 60 hupata nafuu ya kueleweka wakitumia dawa, na 20 hadi 40 hupata nafuu hata kwa kidonge kisicho na kitu ndani. Sonona inavyozidi uzito ndivyo dawa inavyoonyesha kazi yake. Kwa ile nyepesi, mazungumzo na mshauri, mazoezi na usingizi uliopangika huenda vikatosha.

Dawa ya kwanza isipofaa, ya pili au ya tatu inaweza kufaa. Inachosha, najua. Lakini kusema "nilijaribu dawa za sonona zikashindwa" baada ya kidonge kimoja kwa siku kumi ni sawa na kukataa viatu vyote kwa sababu jozi ya kwanza ilibana.

Wiki za mwanzo ulisumbuliwa na nini?

Wahudumu wa afya huyaita "maudhi madogo madogo". Hilo neno "madogo", nadhani, lilitungwa na mtu ambaye hakuwa akimeza.

Nilianza na paroksetini. Siku tatu za kwanza nilikuwa na kichefuchefu cha kuvizia: kinakuja, kinakaa nusu saa, kinaondoka, kinarudi. Mdomo ulikauka hadi ulimi ukagandamana na kaakaa nikiwa katikati ya sentensi. Nilipiga miayo mfululizo bila kuwa na usingizi, mwajiri wangu akadhani nakesha (miayo ni maudhi yanayojulikana kabisa, ila hakuna anayekutahadharisha). Usiku jasho. Ndoto ndefu, zenye rangi na mpangilio, nikiamka nimechoka kama niliyezicheza mimi. Na wasiwasi uliongezeka kidogo kabla ya kupungua, jambo ambalo karibu linifanye niache, kwa kuwa ndilo lililonipeleka hospitali.

Miaka kadhaa baadaye, kwenye sertralini, tumbo ndilo lililolalamika: kuharisha kwa siku tisa, kisha kimya. Dawa tofauti, maudhi tofauti, mwili ule ule.

Vilivyonisaidia: kumeza baada ya kula, kuanza na nusu dozi kwa wiki moja kama daktari alivyopanga, na kuhamishia kidonge asubuhi kiliponinyima usingizi. Kama dawa yako inaleta usingizi, kama mirtazapini au amitriptilini, kwa kawaida huwa ni kinyume, humezwa usiku. Tena niliweka daftari. Kila jioni mstari mmoja: tarehe, dozi, kilichonisumbua, alama kutoka sifuri hadi kumi. Nilipofika kliniki sikusema "najisikia vibaya", nilisoma mistari. Mazungumzo yalibadilika kabisa.

Maudhi mengi ya aina hii hupungua ndani ya wiki mbili hivi. Yasiyopungua ndiyo ya swali linalofuata.

Na… mambo ya chumbani?

Hili ndilo swali halisi la "rafiki yangu", mengine yote huwa utangulizi.

Ndiyo, zinagusa. Hamu kushuka, kuchelewa sana kufika kileleni au kutofika kabisa, wanaume kukosa nguvu, wanawake kuhisi ganzi. Kwa kundi la fluoksetini na wenzake ni miongoni mwa maudhi yanayotokea sana, na tofauti na kichefuchefu, mara nyingi hayaishi yenyewe. Kuchelewesha huko kunajulikana kiasi kwamba baadhi ya madaktari hutumia dawa hizo hizo kwa wanaume wanaomaliza mapema.

Mimi nilinyamaza miezi saba. Nilidhani ni umri, nikadhani ni uchovu, mwenzangu akadhani kuna mtu mwingine. Hilo la mwisho lilinitia uchungu kuliko maudhi yenyewe. Siku moja daktari akauliza bila kuinua macho kwenye faili: "Na nyumbani, tendo la ndoa vipi?" Nikajibu "salama". Nikatoka, nikafika mlangoni, nikarudi. Ilikuwa sentensi moja tu. Tulishusha dozi kutoka miligramu 30 hadi 20, hali ikarudi karibu nusu, na nusu hiyo ilitosha kumaliza ugomvi ndani.

Njia zipo: kushusha dozi, kubadili dawa (bupropioni na mirtazapini husumbua kidogo upande huu), wakati mwingine kuongezewa dawa nyingine. Jambo moja zaidi unastahili kulijua kabla ya kuanza: mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitaka karatasi za maelezo zitaje kwamba kwa baadhi ya watu matatizo haya yameripotiwa kuendelea hata baada ya kuacha dawa. Nalitaja ili uulize mapema. Ukikutana na mtu mwenye hali hiyo, usimwambie anajitungia.

Nitakuwa zezeta?

Sikuwa zezeta, ila kuna kitu. Shangazi aliyenilea alifariki mwezi wa kumi wa dawa zangu. Nilikaa msibani macho makavu, natazama wenzangu wakilia, najua kwamba nina uchungu, lakini uchungu wenyewe uko kama nyuma ya kioo. Ndugu mmoja alinisifia kwa ujasiri. Haukuwa ujasiri.

Ganzi hiyo ya hisia inajulikana na mara nyingi huendana na dozi. Nilipolisema, ndipo sababu ya pili ya kushusha ilipopatikana. Wengine hubadili dawa. Ugumu wake ni kwamba sonona nayo huleta ganzi, kwa hiyo inabidi mtu aangalie ilianza lini: kabla ya dawa, au baada ya mengine yote kupata nafuu. Daftari tena.

Nitanenepa?

Inategemea dawa. Mirtazapini, paroksetini na amitriptilini zina sifa hiyo zaidi, bupropioni kinyume chake. Na kuna kilo ambazo ni za kurudi tu, za mtu aliyeanza kula tena.

Nimesikia zinaweza kumfanya mtu atake kujiua. Kweli?

Swali zito, na jibu lake si "hapana" tu.

Mwaka 2004 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliagiza onyo kali kwenye dawa zote za sonona kuhusu watoto na vijana, na mwaka 2007 ikaliongeza hadi umri wa miaka 24. Katika majaribio yaliyochambuliwa kwa watoto na vijana, mawazo au vitendo vya kujidhuru vilionekana kwa takriban asilimia 4 ya waliopewa dawa, ikilinganishwa na asilimia 2 ya waliopewa kidonge cha bandia. Hakuna aliyekufa kwa kujiua katika majaribio hayo. Kwa watu wa makamo ongezeko hilo halikuonekana, na kwa wenye miaka 65 na zaidi hatari ilipungua.

Kipindi cha kuangalia sana ni wiki za mwanzo na kila dozi inapobadilishwa. Ukiona mtu ametaharuki ghafla, hatulii kitini, halali, ana hasira asizokuwa nazo, au anaanza kuaga na kugawa vitu vyake, usimwache peke yake. Muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua, kwani kuuliza hakumpandikizii wazo. Ondoa karibu yake vitu hatari, vikiwemo vidonge vyenyewe (amitriptilini ikizidishwa ni hatari sana kwa moyo), na umfikishe hospitali siku hiyo hiyo. Na kama ni wewe unayesoma hapa ukiwa na mawazo hayo, mwambie mtu mmoja sasa hivi, hata kwa maneno mawili, na piga simu ya dharura ya nchi yako au nenda hospitali iliyo karibu. Mimi nilituma ujumbe "siko sawa" saa nane usiku. Ulitosha kumleta mtu.

Dalili gani nisizisubirishe hadi kliniki ijayo?

Kutetemeka, misuli kukaza, joto kupanda, kuharisha, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa kwa pamoja: hiyo yaweza kuwa serotonini iliyopita kiasi, mara nyingi baada ya kuchanganya dawa. Vipele vyenye uvimbe wa uso au shida ya kupumua. Kuzimia au moyo kurukaruka. Kwa wazee, kuchanganyikiwa, udhaifu na kuangukaanguka, kwani chumvi ya damu inaweza kushuka. Kutoka damu kusiko kwa kawaida, hasa ukitumia pia aspirini au ibuprofeni.

Na moja ambayo watu huishangilia badala ya kuiogopa: kutolala siku kadhaa bila kuchoka, mipango ishirini kwa siku, maneno yanakimbizana, fedha zinatapanywa. Hiyo siyo kupona. Huenda ugonjwa ni ule wa hisia zinazopanda na kushuka, na dawa ya sonona peke yake inaweza kuuwasha. Mwambie daktari mapema kama kwenye ukoo wenu yupo mwenye historia hiyo.

Nikichanganya na pombe, mitishamba au dawa nyingine?

Pombe huongeza usingizi na kuirudisha sonona kwa mlango wa nyuma. Dawa ya maumivu ya tramadoli, na mmea uitwao wa Mtakatifu Yohana unaouzwa kama tiba asilia ya huzuni, vyote vinaweza kupandisha serotonini kupita kiasi, na mmea huo pia hupunguza nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango na baadhi ya dawa za VVU. Mfamasia aone orodha yako yote, pamoja na vile unavyoona si dawa.

Nikisahau kidonge?

Meza ukikumbuka. Kama muda wa kinachofuata umekaribia, acha hicho kipite. Usimeze viwili.

Nimeshapona. Si niache tu?

Nilifanya hivyo. Ijumaa usiku, baada ya mwaka na miezi miwili, nilimwaga vidonge vilivyobaki chooni nikavuta maji, nikajiona shujaa.

Jumapili mchana vikaanza. Kila nikigeuza macho pembeni, kichwani panapita kitu kama umeme, kifupi, kama mtu anayewasha na kuzima taa ndani ya fuvu, na pamoja nacho mlio, *zzzt*. Nikishuka ngazi nashika ukuta. Nikawa nalia kwa tangazo la sabuni, kisha namfokea mtu kwa kufunga mlango. Nilikuwa na hakika kwamba sonona imerudi, tena na nduguye. Siku ya tano nikarudi kliniki kwa aibu. Daktari hakunisema. Alieleza kwamba mwili uliozoea dawa hulalamika ikikatwa ghafla, na kwamba paroksetini na venlafaksini ndizo zinazojulikana kwa vurugu hiyo kwa sababu hutoka mwilini haraka. Fluoksetini hukawia kutoka, hivyo huaga kwa upole zaidi.

Nilirudishiwa dozi, umeme ukakoma ndani ya siku mbili, kisha tukashuka polepole kwa miezi sita. Nilichojifunza kwenye kushuka huko: hatua za mwisho ndizo nzito. Kutoka 20 hadi 10 sikuhisi sana. Kutoka 5 kwenda sifuri kulihitaji dawa ya maji ya kupima kwa bomba, kwa vipande vidogo. Sababu ni kwamba hata dozi ndogo hushika sehemu kubwa ya kazi ubongoni, kwa hiyo kipande cha mwisho kina uzito kuliko namba yake.

Namna ya kutofautisha kuachishwa na kurudi kwa ugonjwa: dalili za kuacha huja ndani ya siku chache, zina vitu ambavyo sonona haina (umeme, kizunguzungu, ganzi), na hupoa haraka dawa ikirudishwa. Ugonjwa hurudi kwa kunyata, wiki au miezi baadaye.

Muda wa kukaa kwenye dawa baada ya kupata nafuu hushauriwa usipungue miezi sita. Aliyeugua zaidi ya mara moja huambiwa miaka miwili au zaidi.

Basi huo si uraibu?

Sikuwahi kuitamani dawa, kuiiba, wala kuongeza dozi ili ninogewe. Hiyo ndiyo tofauti na uraibu. Lakini mwili hakika unaizoea, na anayekuambia kuacha ni jambo dogo kwa kila mtu hajawahi kusikia huo mlio.

Nina mimba, au nanyonyesha.

Usiache ghafla na usiendelee kimya kimya, nenda kaseme. Sonona isiyotibiwa nayo ina hatari kwa mama na mtoto, kwa hiyo hupimwa pande zote mbili. Paroksetini mara nyingi huepukwa mwanzoni mwa ujauzito, na sertralini ni miongoni mwa zinazopendelewa wakati wa kunyonyesha kwa kuwa hupita kidogo sana kwenye maziwa.

Wewe bado unatumia?

Ndiyo. Sertralini miligramu 50, asubuhi, baada ya kupiga mswaki. Ugonjwa ulirudi miaka mitatu baada ya ile safari ya kwanza, na sasa ni mwaka na nusu tangu nianze tena. Tumekubaliana tukae hivi hadi miaka miwili ya nafuu itimie, ndipo tuzungumzie kushuka. Tarehe nimeshaiandika kwenye daftari. Ni Jumanne, na kliniki itakuwa wazi.